Tusiulize maji tu, tuulize na tope

SEHEMU YA 1

 

Safari hii naandika sehemu tano mfululizo. Nyingine ndefu kidogo, msomage mtoto akilala.

Hapa kwetu Kalemela, na vijiji vyote vya Busega vinavyogusa Ghuba ya Speke, mama akitaka kujua kama mazingira yake yana usalama anauliza swali moja: "Nesi, maji ni salama?" Nikiwa kazini naulizwa, sokoni naulizwa, hata kwenye kigodoro kuna mtu ataniuliza. Ni swali zuri. Kwa kipindupindu, kuhara na kichocho, ndilo swali lenyewe. Ila kuna kundi la sumu ambalo ukiuliza maji utajibiwa "safi", jibu litakuwa la kweli kabisa, na bado mtoto wako akawa anaumia taratibu. Nazungumzia metali nzito: zebaki, risasi, kadimiamu, na ndugu yao aseniki. Risasi ninayosema siyo ya bunduki. Ni ile madini laini ya kijivu iliyomo ndani ya betri ya gari.

Hizi hazipendi kukaa kwenye maji. Zinapenda tope. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, lakini ukizijumlisha zote kwenye kiganja kimoja zina eneo kubwa la kushikwa, na metali hujinatisha hapo kama masizi kwenye kitako cha sufuria. Mto ukiwa na kasi unabeba tope pamoja na mzigo wake. Ukifika ziwani maji yanatanuka, kasi inaisha, tope linazama. Ndo maana mto unapoingilia ziwa kuna matope meusi, mafunjo na kambare. Kila masika inaongeza tabaka lake. Sasa mtu akija na chupa, akachota maji pale juu yakiwa yametulia, akapeleka maabara, jibu atakalopata ni la maji. La chini hajaligusa.

Ziwa letu nalo lina tabia yake. Maji mengi yanayotoka Ziwa Victoria hayatoki kwa mto Nile kule Jinja. Yanatoka kwa jua, yanakuwa mvuke. Na jua linachukua maji tu. Mama aliyewahi kuchemsha maji ya chumvi anaelewa: maji yanaondoka, chumvi inabaki chini. Risasi na aseniki zikishaingia ziwani hazina haraka ya kutoka.

Watu wengi hudhani kilichozama kimezikwa. Hapana. Tope la ziwani linapumua kwa namna yake. Mimea ikioza pale chini inamaliza hewa ya oksijeni, na hewa ikiisha, ile kutu ya chuma iliyokuwa imeshikilia aseniki na wenzake inayeyuka na kuwaachia. Ukipita na kokoro ukalikwangua, unaliamsha. Ukichimba mchanga wa kujengea, unaliamsha. Mafuriko yakija, yanaligeuza lote. Na kwa zebaki kuna jambo baya zaidi: vijidudu vinavyoishi kwenye tope lisilo na hewa vinaigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo inaingia mwilini kirahisi sana. Kutoka kwenye tope inaenda kwa vidudu vidogo, kwa samaki wadogo, kwa samaki wakubwa, mpaka kwenye sahani.

Kwa hiyo mama zangu, msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kusoma zaidi aondoke nao: tudai tope lipimwe, siyo maji peke yake. Na wakati tunadai, tuache kulila. Ndiyo, kulila. Tutafika huko kwenye sehemu ya nne, na najua kuna watu watanuna.


SEHEMU YA 2

Zinatoka wapi?

Angalia mito yetu. Mto Simiyu unaupokea mto Duma, kisha unaingia ghubani upande wa Magu. Mbalageti unatokea Serengeti na kuja kuingilia ghuba hii hii. Juu huko mito hiyo inapita mashamba ya pamba, malisho ya ng'ombe, miji inayokua, na siku hizi machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo huko Bariadi na hapa hapa Busega. Machimbo hayo mnayajua. Januari 2024 watu 22 walifukiwa na kifusi wilayani Bariadi, msiba ukagusa familia nyingi za mkoa huu. Siandiki haya kuwasema wachimbaji. Wengi ni waume zetu na kaka zetu, na ada za watoto zinatoka humo humo.

Lakini tuseme ukweli jinsi dhahabu inavyopatikana. Jiwe linasagwa kwenye karasha mpaka linakuwa unga. Unga unaoshwa, unachanganywa na zebaki, wenyewe wanaita mekyuri, inayokamata vipunje vya dhahabu na kuwa donge. Donge linachomwa, zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Ule unga uliobaki ndiyo marudio. Ndani yake mna zebaki iliyopotea njiani, na mara nyingi mna risasi au aseniki iliyokuwa ndani ya jiwe tangu dunia iumbwe, ila ilikuwa imefungwa kwenye mwamba. Karasha ndiyo imeifungua. Marudio yakiachwa kama kichuguu kando ya korongo, mvua ya kwanza inajua pa kuyapeleka.

Kuna na wale wanaoyaloweka marudio kwenye mabwawa ya sayanaidi ili kupata dhahabu iliyobaki. Sayanaidi haichagui. Inayeyusha dhahabu, na inayeyusha hata zebaki iliyobaki, kisha inakuwa sumu inayotembea na maji kirahisi kuliko zebaki yenyewe. Marudio yenye zebaki hayafai kabisa kupelekwa kwenye sayanaidi, na yanapelekwa kila siku.

Siyo kila metali imeletwa na mtu. Vilima vya Dutwa na Ngasamo vina nikeli ya asili, ndo maana makampuni ya utafiti yalikuja. Mwamba wenyewe una mambo yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kupima tope sasa, kabla uchimbaji haujawa mkubwa, ili kesho mtu akisema "hii ilikuwepo tangu zamani" tuwe na karatasi ya kumwonyesha ilikuwepo kiasi gani.

Majirani zetu wa Mara wamepitia haya. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu. Halafu Machi 2022 samaki wakafa mto Mara, maji yakawa meusi yananuka. Waziri akaunda kamati, kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo na kuoza kwa mimea, nchi nzima ikabishana. Sina nia ya kufufua ubishi ule. Ninachosema ni kwamba maji yale yaliyobishaniwa yalishapita zamani, yako ziwani. Tope lake lipo pale pale mtoni, na tope halisahau. Ukitaka kujua mto umepitia nini kwa miaka thelathini, kata tope la mdomoni kwake kwa bomba, tabaka kwa tabaka, utasoma kama daftari la mahudhurio.

Na jambo hili siyo la sisi wa ufukweni tu. Ule mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria kwa mkoa wetu ni kwa ajili ya Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Mama wa Meatu ambaye hajawahi kuliona ziwa naye anaunganishwa na ghuba yetu. Mradi ni mzuri, nauunga mkono kwa mikono miwili, tumeteseka na ndoo vya kutosha. Ila chanzo kinacholisha mkoa mzima kinastahili kulindwa kuanzia huko mito inakotoka.


SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuandika tangu mwanzo. Chukua maji unywe, usome polepole.

Mifupa ya mama ni kama tope la mto.

Risasi ikiingia mwilini, mwili unaifananisha na kalisiamu, unaihifadhi kwenye mifupa. Inakaa humo miaka na miaka, kimya, hausikii chochote. Msichana aliyekulia karibu na marudio akiwa na miaka sita anaweza kuolewa na kuhama mbali, na risasi yake akahama nayo. Halafu anapata ujauzito. Mtoto tumboni anahitaji kalisiamu ya kujengea mifupa yake, na kama chakula cha mama hakitoshi, mwili unakwangua mifupa ya mama. Kalisiamu inatoka, na risasi iliyolala inatoka nayo. Inaingia kwenye damu, inavuka kondo la nyuma, inamfikia mtoto. Akizaliwa na kunyonya, mkwanguo unaendelea. Ni kama lile kokoro kwenye tope. Kilichozama kinaamshwa, na wakati wa kuamshwa ni wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu ubongo wa mtoto ndo kwanza unajengwa.

Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unaichukua mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Na dalili zake ni za kudanganya: tumbo kuuma, kukosa hamu ya kula, upungufu wa damu, mtoto mzito kuelewa darasani, mkali bila sababu. Hayo yote hapa kwetu yana majina mengine. Tunasema minyoo, malaria, au mtoto mtundu. Akija na degedege tunasema malaria imepanda kichwani, na mara nyingi kweli ni malaria. Ndo maana hii sumu inaweza kukaa kijijini muda mrefu bila kuitwa jina lake.

Nawapa mifano mitatu, kila mmoja una mama ndani yake.

Japani, mji wa Minamata. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi: watu wanatetemeka, wanapoteza kuona na kusikia, hata paka wanajirusha. Lakini jambo lililowashtua madaktari ni watoto waliozaliwa na ulemavu mzito kwa mama ambao wenyewe walionekana wazima au wana dalili ndogo tu. Mpaka wakati huo wengi waliamini kondo la nyuma ni ukuta, sumu haipiti. Ikathibitika kwamba zebaki ya methili inapita, na inajikusanya kwa mtoto. Kiwanda kiliacha kumwaga mwaka 1968. Je, hatari iliishia hapo? Tope la ghuba lilibaki na zebaki yake. Wajapani wakatumia miaka, kuanzia 1977 mpaka 1990, kulichota na kulifukia, kiasi cha mita za ujazo milioni moja na nusu, na nyavu za kuzuia samaki wa ghuba ile wasitoke ziliondolewa mwaka 1997. Hesabu mwenyewe kutoka 1968. Na hao ni Japani, wana pesa.

Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katikati ya nyumba za watu. Mfanyakazi mmoja, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga akawa anaugua hapati nafuu. Walipompima walikuta risasi kwenye damu, naye alikuwa ananyonya. Mama huyo hakukaa kimya. Alipigwa, aliwekwa ndani, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Tuzo ikatenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kuanzia kiwanda kufunguliwa mpaka hukumu hiyo ya mwisho ni miaka kumi na saba. Watoto wa mwaka ule sasa wana ndevu.

Zamfara, Nigeria, mwaka 2010. Hii ndiyo inayofanana na sisi kuliko zote. Wachimbaji wadogo walileta mawe ya dhahabu nyumbani, wakayasaga uani, wengine kwa mashine zile zile za kusagia nafaka. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi likatua kwenye udongo wa uani, watoto wakacheza, wakaweka vidole mdomoni. Walikufa watoto zaidi ya 400. Hakuna bomu wala vita. Vumbi tu. Madaktari Wasio na Mipaka walipofika walikuta vijiji vyenye makaburi mapya madogo madogo.

Nawaomba msome tena pale kwenye mashine za kusagia nafaka.


SEHEMU YA 4

Haya, tufike kwenye udongo.

Najua wengi mnakula. Pemba ile ya sokoni, vipande vya kijivu au vya kahawia, au udongo wa kichuguu, au ule wa kuta baada ya mvua. Mjamzito anatamani, hasa miezi ya mwanzo, mate yanajaa, kichefuchefu kinatulia akila kidogo. Bibi zetu walikula. Sitaki nesi mwenzangu yeyote amgombeze mama kwa hilo mbele ya foleni, maana akigombezwa ataacha kusema, hataacha kula.

Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Bugando, pale Mwanza, waliwahoji wajawazito wa maeneo ya machimbo Geita, wakachapisha mwaka 2014. Karibu nusu walikuwa wanakula udongo. Udongo wenyewe ulipopimwa ulikuwa na aseniki, kromu na nikeli. Baadaye ukaja utafiti mkubwa zaidi wa wajawazito wa kanda hii, matokeo yakatoka 2019 na 2020: wanaoishi maeneo ya machimbo walikuwa na aseniki na zebaki nyingi mwilini kuliko wasioishi huko, na waliokuwa na viwango vya juu walipata zaidi mimba kuharibika, watoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Hao siyo watu wa mbali. Ni Kanda ya Ziwa hii hii.

Sasa wewe unakaa karibu na mto. Udongo mlaini, mzuri, usio na mchanga, unaoyeyuka mdomoni, ndio hasa mfinyanzi wenye chembe ndogo. Na nilishasema chembe ndogo ndizo zinazobeba mzigo. Ule unaouona mtamu zaidi ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kubeba metali. Pemba ya sokoni nayo haina cheti, muuzaji mwenyewe ameipokea kwenye gunia.

Halafu angalia mtego huu. Kutamani udongo mara nyingi kunaendana na upungufu wa damu. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma unafyonza risasi zaidi, kwa sababu unafungua milango yote ukitafuta chuma. Na udongo nao unashika chuma cha kwenye chakula tumboni kisiingie. Kwa hiyo unakula udongo kwa sababu huna damu, unazidi kukosa damu, na milango inazidi kufunguka. Vile vidonge vya FEFO tunavyokupa kliniki, vile mnavyosema vinaleta kichefuchefu na kufanya choo cheusi, vina kazi hii pia. Meza baada ya kula usiku, vitakusumbua kidogo tu.

Na chakula chenye kalisiamu ndicho kinachopunguza ule mkwanguo wa mifupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka mjamzito mwenye risasi kwenye damu, kama kalisiamu na chuma havimtoshi, aongezewe. Maziwa, mboga za majani, na hapa kwetu tuna zawadi: dagaa. Dagaa analiwa na mifupa yake.

Hapo nasikia mtu anasema, "Nesi, umetuambia tope lina zebaki na samaki wanakula humo, sasa unatuambia tule dagaa?"

Ndiyo. Kuleni. Kuna ujumbe huwa unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba samaki wa ziwa wana zebaki, mjamzito asiguse. Ujumbe huo unanikera kwa kweli. Tafiti zilizopima samaki wa Ziwa Victoria kwa miaka mingi zimekuwa zikikuta zebaki chini ya kiwango kinachokubalika kimataifa, miligramu 0.5 kwa kilo. Inapanda kwa sangara wakubwa sana, kwa sababu sangara anakula samaki wengine na anaishi muda mrefu. Dagaa, furu na sato wako chini kwenye ngazi ile. Mjamzito wa Kalemela akiacha dagaa kwa hofu atakula nini? Ugali na chai ya rangi. Atapoteza protini, chuma na kalisiamu, na risasi iliyolala kwenye mifupa yake itafurahi. Ninachosema mimi ni hiki: nunua dagaa aliyeanikwa kwenye chanja badala ya aliyesambazwa mchangani, muoshe mpaka mchanga uishe, sangara yule mkubwa kama mlango waachie wengine wakati una mimba, na endelea.

Kingine, kuchemsha maji. Tumewafundisha mchemshe, na endeleeni kuchemsha, ni kwa ajili ya vijidudu. Ila metali haifi kwa moto. Waterguard haiigusi. Ukitaka kuipunguza, yaache maji yatulie, tope lizame, mimina ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa kizito, ndipo uchemshe. Ile nusu kikombe yenye tope chini ya ndoo usimalizie kwenye uji wa mtoto.

Nyumbani sasa. Donge la dhahabu lisichomewe jikoni wala chumbani, hata likiwa dogo kama mbegu ya mpapai, hata mkiwa mna haraka ya kuuza. Moshi wa zebaki hauonekani, na sehemu kubwa ya kinachovutwa inabaki mwilini. Baba akitoka karashani avue nguo nje, aoge, ndipo ambebe mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake. Sakafu deki kwa maji badala ya kufagia kavu. Kama kuna mtu anayeyusha betri chakavu uani ili apate chubwi za nyavu, hama naye ugomvi mpaka aache. Na krimu za kujichubua, wadada, nyingi zina zebaki hiyo hiyo. Zimepigwa marufuku na bado ziko sokoni. Unaipaka usoni, unaioga, maji ya kuoga yanaelekea kule kule kwenye mto tunaoulalamikia.


SEHEMU YA 5

Nimewapa mambo mengi ya kufanya nyumbani, na hapo napata hasira kidogo, niwaambie kwa nini.

Kila tatizo la mazingira likifika kwetu linaishia kuwa kazi ya mama. Mama chemsha, mama osha, mama usile. Mama hawezi kuuchuja mto kwa chujio la chai. Kama mwalo wa kuchenjulia dhahabu umewekwa kwenye kingo za mto, hakuna ndoo wala kitambaa kitakachomlinda mjukuu wako. Kazi ya kwanza iko huko juu, na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tunaitumia kuwafukuza akina mama wenye bustani za mchicha mtoni. Kwenye karasha tunapima mita kwa macho.

Kuna watu wanasema dawa ni kufunga machimbo yote madogo. Sikubaliani nao. Ukifunga, watachimba usiku, na zebaki itachomwa chumbani zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, ule uliopewa jina la mji niliowasimulia, na mkataba wenyewe haujasema wachimbaji wadogo wafukuzwe. Unataka nchi ipunguze zebaki na pale inapowezekana iiondoe, na kwanza ikomeshe mambo mabaya kuliko yote, yakiwemo kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi, na kupeleka sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijatolewa. Hayo matatu yanaweza kuanza mwezi huu. Ritoti, kile chombo cha kuchomea donge kwenye kifuniko ili mvuke urudi kuwa zebaki, hata fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa mabomba ya chuma, na mchimbaji anaokoa zebaki yake anayoinunua kwa hela. Akina mama wa VICOBA, kama mnakopesha mashine na pikipiki, kopesheni na ritoti.

Lakini dai langu kubwa nimeshalisema. Tope lipimwe. Sisemi kwamba tope la Kalemela limekutwa na sumu. Nasema lichotwe pale Simiyu na Mbalageti inapoingia ghubani, na kwenye fukwe zetu watoto wanakoogelea, lipimwe zebaki, risasi, aseniki na nikeli, lirudiwe kila baada ya masika, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Wataalamu wako Mwanza, siyo mbali: Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, TAFIRI wanaopima samaki, NEMC, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya kanda. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya tope la Ghuba ya Mwanza, wakaonyesha metali zikiwa nyingi karibu na mji na kupungua kadiri unavyokwenda mbali nao. Kwa hiyo kupima tope hapa ziwani siyo ndoto ya nesi. Kulishafanyika. Tunataka na upande wetu, na kusiwe kwa ajili ya jarida la chuo pekee.

Mahali pa kudai ni mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na tunajua nani hujaa mbele na nani hukaa nyuma na watoto mgongoni. Safari ijayo kaeni mbele. Mwenyekiti akisema "maji yetu yalipimwa ni salama", muulizeni kwa heshima: "Asante mwenyekiti. Na tope?" Iandikwe kwenye muhtasari. Ikishaandikwa inakwenda kwenye kata, na diwani wetu hawezi kusema hakusikia.

Swali moja la mwisho, mama mmoja aliniuliza kliniki wiki iliyopita na nikaona wengi mnalo. Kama udongo akiukaanga kwanza kwenye kikaango mpaka ukauke, je, unakuwa salama? Hapana mama. Moto unaua mayai ya minyoo, na hilo ni jema. Risasi, aseniki na nikeli zinabaki kwenye udongo kama zilivyokuwa. Hamu ikikubana, jaribu ubuyu, au karanga kidogo, au michembe mikavu utafune taratibu, na uje na kadi yako tupime wingi wa damu. Usisubiri tarehe ya hudhurio. Jumatatu asubuhi huwa hatuna foleni ndefu.